Mgeuko wa hadithi katika filamu fupi ya kisayansi: kwa nini baadhi hubashiri mapema na wengine hulalamika kwamba wamedanganywa?

FundiSkripti (mtoa mada)

Wanajukwaa, naomba mchango wenu katika jambo la kiufundi linalohusu filamu fupi ya kisayansi ya dakika 14 ambayo kwa sasa iko katika hatua ya uhariri.

Mhusika mkuu ni fundi wa mitambo, mwanamke anayeishi peke yake katika kituo kilichojengwa kwenye sayari ya Mirihi, akitunza mtambo wa kuzalisha oksijeni hadi kikosi kingine kitakapowasili. Kila jioni huzungumza kwa redio na kaka yake aliyebaki duniani. Hutaniana, hukumbushana visa vya utotoni, na kaka humwelekeza namna ya kurekebisha pampu ambayo imekuwa ikisumbua tangu onyesho la kwanza. Katika dakika ya 12 inabainika kwamba kaka huyo alikwisha kufariki, na kwamba sauti tuliyokuwa tukiisikia ilitungwa na kompyuta ya kituo kutokana na mazungumzo yao ya zamani, ili fundi asikate tamaa akaitelekeza kazi.

Vidokezo vilivyopandwa kabla ya hapo ni vinne. Picha ya kaka imewekwa kwenye rafu kwa namna ambayo watu huweka picha ya marehemu. Taa ndogo ya kompyuta humweka kila kaka anapozungumza. Kicheko chake husikika mara mbili kikiwa kilekile, bila tofauti yoyote. Tena majibu yake huja papo hapo, ilhali mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kusafiri kutoka Mirihi hadi duniani, kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo katika mizunguko yao.

Filamu imeoneshwa kwa watazamaji wachache wa majaribio, na matokeo yananitatanisha. Baadhi yao walibashiri mgeuko mapema sana, kabla hata ya kufika katikati. Wengine, waliotazama filamu ileile katika chumba kilekile, walisema kwamba mwisho umezuka tu na kwamba wamedanganywa. Ikiwa vidokezo ni vingi mno, kwa nini kundi la pili halikuviona? Ikiwa ni vichache mno, kundi la kwanza lilibashiri kwa kutumia nini? Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu, hasa kuhusu utanzu huu ambamo mtazamaji anaingia bila kujua sheria za ulimwengu anaooneshwa.


MezaYaUhariri

Ndugu mtoa mada, malalamiko ya makundi hayo mawili hayapingani, kwa sababu hayahusu kitu kimoja. Waliobashiri hawakutumia vidokezo vyako hata kidogo. Walitumia mazoea ya utanzu. Mtu aliyetazama filamu nyingi za kisayansi akiona binadamu mmoja, kompyuta moja, na ndugu anayesikika bila kuonekana uso, anakuwa amekwisha kupata jibu kabla hujapanda chochote. Ungeondoa vidokezo vyote vinne, mtu huyo angebashiri vilevile. Waliolalamika, kwa upande wao, hawakupungukiwa na vidokezo. Walipungukiwa na sheria ya kuvisomea. Kabla ya dakika ya 12, filamu yako haijasema popote kwamba kompyuta hiyo ina uwezo wa kutunga sauti ya binadamu, kwa hiyo taa inayomweka haina maana yoyote ambayo mtazamaji angeweza kuifikia. Mwishoni unampa uvumbuzi mpya na ufafanuzi wake kwa pamoja, na hapo ana haki ya kunung'unika.

Aristotle, katika maandishi yake kuhusu tamthilia, alisema kwamba matukio huathiri zaidi yanapokuja bila kutarajiwa na wakati huohuo yakawa yanatokana moja na jingine. Sharti hilo la pili ndilo gumu katika filamu ya kisayansi, kwa kuwa mtazamaji hajui kipi kinaweza kutokana na kipi hadi umwambie. Katika hadithi ya upelelezi ya kawaida, kila mtu anajua tayari kwamba mlango uliofungwa kwa ndani haufunguki kwa nje. Katika kituo chako cha Mirihi hakuna anayejua milango inafanya nini.

Sasa tuvitazame vidokezo vyenyewe, maana havilingani. Picha na taa vinanyooshea jibu kidole: vipo kwa ajili ya mgeuko tu, na mtazamaji makini hunusa mara moja kitu kisicho na kazi nyingine ndani ya onyesho. Kidokezo kizuri huwa na ajira yake halali katika utazamaji wa kwanza, na hubadilisha kazi katika utazamaji wa pili. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni La Jetée ya Chris Marker, filamu ya Ufaransa ya mwaka 1962 yenye urefu wa dakika 28 hivi, iliyotengenezwa karibu yote kwa picha mnato. Inaanza na mtoto aliyepelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Orly, ambako anaona uso wa mwanamke na kifo cha mwanamume. Picha hiyo ya utotoni inapewa kazi mara moja: ni kwa sababu ya nguvu ya kumbukumbu yake kwamba wanasayansi wanaofanya majaribio wanamchagua mtu huyo, akiwa mtu mzima, kumrudisha katika wakati uliopita. Tunaikubali kama sababu ya safari, na kwa kuwa tumekwisha kuipatia maelezo, hatuitafutii mengine. Mwishoni tunatambua kwamba mwanamume aliyekufa mbele ya mtoto yule ni yeye mwenyewe. Kidokezo hakikufichwa popote. Kiliwekwa mlangoni, kikapewa jina jingine.

Kwa hiyo picha ya kaka ama ipewe kazi ama iondolewe. Taa iondoke bila majadiliano.

Majibu ya papo hapo ndiyo hazina yako, lakini kwa sasa yamekaa vibaya. Filamu zimezoea kwa muda mrefu kuwaachia watu wazungumze kutoka sayari hadi sayari kana kwamba wako chumba kimoja, na mtazamaji amezoea kusamehe. Msamaha huo ni maficho mazuri kuliko yoyote ambayo ungeweza kuyatengeneza mwenyewe. Tatizo ni kwamba filamu isipoonesha kwamba inaijua sheria ya mwendo wa mawimbi, ukimya wake utahesabiwa kuwa uzembe hata baada ya mgeuko kufichuliwa. Weka onyesho fupi mapema: fundi anauliza makao makuu duniani swali kuhusu pampu, anatega saa, anabadilisha kichujio, anakula, anafunga kisanduku cha vifaa, na jibu linapofika ni la swali ambalo amekwisha kulitatua mwenyewe. Watazamaji watacheka, watauhisi upweke wake, na watakuwa wamefundishwa sheria bila kujua kwamba wako darasani. Jioni kaka anapojibu utani mara moja, wengi watakuwa wamepumzika katika joto la mazungumzo na hawatapiga hesabu.

Usiogope kwamba wataiona. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonesha watu video ya wachezaji wanaopasiana mpira na kuwataka wahesabu pasi. Karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji. Wape watazamaji kitu cha kuhesabu. Pampu yako inafaa kabisa kwa kazi hiyo.


Darubini

Ninaunga mkono hoja ya sheria, na ningependa kuongeza namna ya kuipanda ile sheria inayokosekana, yaani uwezo wa kompyuta kuiga sauti.

Katika utanzu huu sheria hupokelewa vizuri zaidi inapoingia kama kero ya kazini kuliko inapoingia kama maelezo. Mawasiliano ya masafa marefu hubeba data kidogo, kwa hiyo ni jambo la kuaminika kabisa kwamba makao makuu hutuma maandishi, na kompyuta ya kituo huyasoma kwa sauti ya mtu aliyeyaandika. Fundi anaweza kulalamika kwamba imemsomea onyo la dharura kwa sauti ya ofisa mchangamfu, au kwamba imekosea mkazo wa jina. Utani mmoja wa sekunde 10 unatosha. Tangu hapo mtazamaji anajua kwamba katika kituo hiki sauti ya mtu inaweza kusikika bila mtu huyo kuzungumza, na anajua kwa sababu ya ofisa, wala si kwa sababu ya kaka.

Kuhusu ucheleweshaji wa mawasiliano, ni vyema ukumbuke kwamba hata majaribio ya kuishi kama mtu aliyeko Mirihi, yanayofanyika hapahapa duniani, huuzingatia. Katika jaribio la Mars-500 lililofanyika Moscow, ambalo awamu yake ndefu ya siku 520 ilianza mwaka 2010 na kumalizika mwaka 2011, wanaume sita walifungiwa ndani ya moduli na mawasiliano yao yakacheleweshwa kwa makusudi. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilifanya vivyo hivyo huko Houston kati ya mwaka 2023 na 2024, kwa watu wanne waliokaa siku 378. Mtu anayefuatilia mambo haya atakugundua mara moja, na ndiye unayemhitaji awe upande wako. Mvuto wa Mirihi ni asilimia 38 hivi ya ule wa dunia, na mwigizaji wako bila shaka anatembea kama sisi sote. Mtazamaji huyo anasamehe kutembea kwa sababu ya bajeti, kisha anayaweka majibu ya papo hapo katika kapu hilohilo la kasoro zilizosamehewa. Onyesho la jibu lililochelewa litamfanya ayatoe tena kapuni, lakini kwa wakati unaoutaka wewe.

Sheria mpya ziwe chache. Katika dakika 14 mtazamaji anaweza kubeba sheria moja ya kubuni na moja ya kweli. Ya tatu itamfanya aanze kushuku kila kitu, na mtu anayeshuku kila kitu hashangazwi na chochote.


FundiSkripti

Nawashukuru. Wazo la kompyuta kusoma maandishi kwa sauti ya mwandishi wake limenivutia, na linaweza kurekodiwa bila kurudi kwenye seti, kwa kuwa ni sauti tu. Hata hivyo ninaona hatari moja. Kundi la kwanza lilikuwa limekwisha kubashiri kwa mazoea. Nikiwapa na sheria mkononi, si watabashiri katika dakika ya pili?


KinayaTupu

Watabashiri, na nadhani ndipo filamu yako inapoanza kupendeza. Mnazungumza kana kwamba mgeuko ni siri ya kulindwa hadi mwisho, ilhali swali lenye uzito ni nani anapaswa kujua nini, na wakati gani.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut, alieleza tofauti hii kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Likilipuka bila hadhira kujua kwamba lipo, hadhira inapata mshangao wa sekunde 15. Ikiwa hadhira inajua na waliokaa mezani hawajui, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanazaa taharuki ya dakika 15. Filamu yako ina urefu wa dakika 14. Nakushauri uwape watazamaji ukweli kuhusu kaka katika dakika ya sita, bila muziki wa kutisha, kisha uwaache wakae na fundi ambaye bado anacheka redioni. Kila utani utageuka kuwa mzigo.

Zaidi ya hayo, ukiutoa mapema ubashiri wa kundi la kwanza, unapata nafasi ya mgeuko ambao hawakuutarajia. Ninaupendekeza huu: fundi anajua. Amejua tangu mwanzo, na ni yeye aliyeiagiza kompyuta. Kidokezo chake kinaweza kuwepo katika kila mazungumzo bila kuongeza hata shoti moja, yaani hamuulizi kaka yake habari mpya kamwe. Maswali yake yote yanahusu utoto wao, na majibu yote tayari anayajua. Katika utazamaji wa kwanza tutaona mtu mwenye hamu ya nyumbani. Katika wa pili tutaona mtu anayekwepa kwa uangalifu mkubwa swali ambalo mashine haiwezi kulijibu. Wakati huohuo, tatizo la kimaadili linahama kutoka kwa kompyuta inayomhadaa binadamu na kuingia ndani ya binadamu mwenyewe, ambako kuna hadithi kubwa zaidi.

Nakumbusha pia kwamba hofu ya mtazamaji kujua mapema imekuzwa kupita kiasi. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wasomaji hadithi fupi, baadhi zikiwa zimefichuliwa mwisho wake, na kwa jumla zilizofichuliwa ndizo zilizofurahiwa zaidi, zikiwemo zile zenye mgeuko mwishoni.


MezaYaUhariri

Utafiti huo ninaufahamu, lakini usiuegemee sana. Ulihusu hadithi za kusomwa, ambapo msomaji anaweza kupunguza mwendo au kurudi nyuma anapotaka, na mwaka 2015 utafiti mwingine wa Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum ulipata matokeo ya upande wa pili. Katika filamu, mwendo uko mikononi mwa mhariri. Kumnyima mtazamaji mshangao ni uamuzi wa kisanaa unaopaswa kutetewa na hadithi yenyewe.

Hata hivyo, pendekezo la kwamba fundi anajua ni bora kuliko filamu iliyopo, na nitaeleza kwa nini kwa mtazamo wa mezani kwangu. Katika toleo la sasa, mgeuko unabadilisha tunachokijua kuhusu kompyuta, chombo ambacho hakuna aliyekuwa amekipenda wala kukichukia. Katika toleo hilo jipya, mgeuko unabadilisha tunachokijua kuhusu uso ambao tumeutazama kwa dakika 12. Kila shoti ya uso ule inapata tafsiri ya pili bila kuguswa. Mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alionesha zamani, kwa majaribio ya uhariri nchini Urusi, kwamba uso uleule hupata hisia tofauti kutegemea picha inayoufuata. Hapa unafanya jambo linalofanana na hilo kwa kurudi nyuma, kwa kuwa habari ya mwisho inazibadilisha sura zote zilizotangulia.

Lakini toleo hilo linahitaji nidhamu kali zaidi ya kamera. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kamera inaruhusiwa kunyamaza, hairuhusiwi kusema uongo. Kuna kipindi cha mwaka 1960 cha mfululizo wa televisheni wa Marekani, The Twilight Zone, kiitwacho Eye of the Beholder, ambamo mgonjwa aliyefungwa bendeji usoni anasubiri kuona kama matibabu ya sura yake yamefaulu. Kwa karibu kipindi kizima hatuoni uso wa daktari wala wa muuguzi. Kuna vivuli, migongo, pembe za chini. Sababu ya kuwepo kwa vivuli hivyo inaonekana kuwa huzuni ya hospitali usiku. Bendeji zinapotolewa tunamwona mwanamke ambaye kwa macho yetu ni mrembo, na ndipo taa zinatuonesha kwamba nyuso za waliomzunguka ndizo zilizo tofauti na zetu. Hakuna shoti hata moja iliyotudanganya. Tulinyimwa tu, na kunyimwa huko kulikuwa na mtindo unaoeleweka.

Pitia basi filamu yako ukiwa na swali moja: je, kuna mahali fundi akiwa peke yake, bila mtu wa kumwigizia, anaonesha kushangazwa na jambo ambalo katika toleo jipya alikuwa analijua? Kila shoti ya namna hiyo ni uongo, na ni lazima ikatwe hata kama ni nzuri. Nadhani utapoteza moja au mbili unazozipenda.


SikioLaFilamu

Mmezungumza kuhusu macho tu. Mimi hufanya kazi ya sauti, na naona kwamba kidokezo chenye nguvu zaidi katika hadithi hii kinapaswa kusikika.

Kicheko kilekile mara mbili hakitoshi, na kina hatari: mtazamaji akikitambua atadhani fundi wa sauti amekosa rekodi ya pili. Badala yake, fikiria mlio wa nyuma wa mazungumzo. Mtu aliyeko duniani huzungumza kutoka chumbani mwake, na chumba hicho kina sauti yake: mwangwi wake, upepo wake, kiti kinacholia. Kaka wa kompyuta hana chumba. Usimpe hata pumzi ile ndogo ambayo mtu huivuta kabla ya kuanza sentensi ndefu. Watazamaji wachache sana watalitaja jambo hili kwa maneno, lakini wengi watahisi kwamba sauti ile iko karibu kupita kiasi, na kwa kuwa ni sauti ya ndugu anayependwa, ukaribu huo watauita upendo.

Kisha itumie pampu. Tangu onyesho la kwanza inanguruma na kukwama, na kila mtu anaichukulia kuwa tatizo la kazi. Ifanye iwe kwenye mkondo mmoja wa umeme na kompyuta. Pampu inapokwama kwa sekunde moja katika dakika ya nne, sauti ya kaka ikatike silabi moja, kama mawasiliano mabovu yanavyokatika. Hakuna atakayeshangaa, kwa sababu redio za masafa marefu hukatika. Katika dakika ya 12 fundi analazimika kuzima mkondo huo ili aitengeneze pampu na kuokoa oksijeni. Anaweka mkono kwenye swichi. Kaka anamwelekeza hatua kwa hatua, naye anamsikiliza, na hatua ya mwisho ni kuzima. Hapo huhitaji mtu yeyote kueleza kwamba kaka alikuwa ndani ya kompyuta. Akisita kabla ya kuzima, tutajua pia kwamba alikuwa akijua.

Kwa maoni yangu maelezo ya mdomo ndiyo yaliyowafanya watazamaji wako waone wamedanganywa. Mgeuko ukifichuliwa kwa kitendo ambacho mhusika alikuwa na sababu ya kukifanya hata kama kusingekuwa na siri yoyote, watu hawaulizi umetoka wapi.


FundiSkripti

Hili la swichi limenisaidia zaidi ya nilivyotarajia, hasa kwa kuwa shoti ya mkono kwenye swichi tayari ninayo. Ilipigwa kwa ajili ya kuanzisha upya mtambo. Nitaondoa taa na picha, nitarekodi sauti za makao makuu na lile jibu linalochelewa, na nitapitia nyuso moja baada ya nyingine kama nilivyoelekezwa.

Limebaki swali moja. Baada ya ufichuzi kuna dakika mbili, na ndani yake nina mfululizo wa haraka wa shoti za nyuma unaowakumbusha watazamaji vidokezo vyote. Je, ubaki?


MezaYaUhariri

Hapana. Mfululizo wa namna hiyo humfanyia mtazamaji kazi ambayo furaha yake yote ilikuwa katika kuifanya mwenyewe, na katika filamu fupi hauna hata udhuru wa kwamba amesahau, kwa maana onyesho la jibu lililochelewa alilitazama dakika chache tu zilizopita. Ukiona kwamba bila mfululizo huo mgeuko haueleweki, rudi mwanzoni uimarishe sheria. Baada ya swichi kuzimwa, nadhani sekunde 40 zinatosha: pampu inaanza kufanya kazi, na fundi anaamua kama atauwasha tena ule mkondo au la. Uamuzi huo ni wako, lakini ni lazima tuuone.

Utakapoonesha toleo jipya, tafuta watu ambao hawajaiona filamu wala kusikia habari zake. Wewe huwezi tena kuipima, kwa kuwa anayejua jibu hukadiria vibaya kile ambacho asiyejua anaweza kukiona. Wanauchumi Camerer, Loewenstein na Weber waliliandikia jambo hilo mwaka 1989, na kila mhariri amelionja. Wala usiwaulize mwishoni kama walibashiri, maana baada ya kujua jibu wengi huamini kwamba walibashiri. Isimamishe filamu katika dakika ya sita na umtake kila mmoja aandike mambo mawili kwenye karatasi: kaka yuko wapi, na fundi anataka nini. Majibu ya swali la kwanza yakitofautiana, usihangaike. Majibu ya swali la pili yakitofautiana, tatizo halimo katika vidokezo, na itabidi urudi kwenye skripti.